Madawati ya Kodi

Mwaka ule bei ya mkonge ilipoanguka huko Ulaya, Keko hakukuwa na mkonge hata shina moja la kuwaonesha watoto. Kulikuwa na mikorosho, minazi ya Mzee Mwinshehe, nyumba za makuti zilizokaa ovyo kama watu waliogombana, na banda moja la useremala. Banda lilikuwa la Nassibu. Yaani banda la Mwinshehe, kelele za Nassibu. Ungemwambia mtu wa Keko kwamba ataumia kwa ajili ya mkonge, angekutazama kama unamwambia ataumwa jino la jirani.

Nassibu alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, kifua kipana, masikio yamejaa vumbi la mbao mpaka mkewe Somoe akawa anasema akifa watampasua waote moto. Kazi yake kubwa ilikuwa madawati ya shule za serikali. Watu wa Keko walikuwa wanampa kazi pia, lakini wao walilipa kwa nazi, kwa mihogo, na kwa maneno mazuri. Hela, ile ya chuma inayolia, ilitoka bomani tu. Boma likinunua madawati, Nassibu anamlipa Mwinshehe pango, Mwinshehe analipa kodi, na Nassibu analipa kodi. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka, bila mtu kukaa chini kuyafikiria.

Mwezi wa sita akaja Kasimiri.

Kasimiri alikuwa karani wa kodi, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, kaptula imepigwa pasi mpaka ingekata mkate. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, toka enzi za misafara ya pembe. Mtani anaweza kukutukana wewe na babu yako mbele ya wakwe, na ukikasirika wewe ndo mkosaji. Basi hawa wawili walikuwa hawasalimiani kama watu.

"Mzaramo, shuka kwenye benchi. Benchi la kazi hilo, si kitanda."

"Sijalala. Napima kama litakutosha siku ukifa. Halitoshi, tutakukata miguu."

"Utaikata na msumeno gani, na wewe kazi huna tena?"

Nassibu akacheka. Akangoja Kasimiri acheke, na Kasimiri hakucheka. Akavuta gogo, akapangusa vumbi kwa leso, akakaa.

"Huu si utani, bwana. Boma limesimamisha madawati. Mkonge hauuziki, ushuru bandarini hauingii, serikali haina hela. Wakubwa wamekaa wakasema matumizi yapunguzwe na kodi ikazwe."

"Hebu rudia. Serikali haina hela."

"Haina."

"Na mie sina hela, maana serikali ndo ilikuwa inanipa."

"Ndiyo."

"Na sasa serikali inakuja kutafuta hela kwangu."

Kasimiri akaiangalia leso yake. "Na kile kitanda changu," akasema, "kile cha mninga. Kiache kwanza. Mishahara ya makarani imekatwa. Jovina nimemwambia harusi isubiri."

Kwa hiyo ndani ya asubuhi moja Nassibu alipoteza wateja wawili wa hela, na hakuwa na wa tatu.

*

Mwinshehe alikuwa mzee mpole, sauti ya chini, msikitini safu ya mbele, na hakuwahi kumfukuza mtu. Alikuja bandani na bakora yake, Nassibu akamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri kabisa, akauliza habari za Somoe. Halafu akasema:

"Mwanangu, mie sina neno na wewe. Ila na mie serikali inanidai kodi ya nyumba. Banda likiwa na kazi, nangoja pango. Banda likikaa kimya mpaka mwaka wao mpya huu wa Wazungu, nitaweka humu nazi zangu. Nazi zinaoza nje."

"Nazi zenyewe zina mnunuzi, mzee?"

"Hazina. Lakini zikioza ndani ni afadhali kuliko zikioza nje. Watu hawaoni."

Nassibu alizaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka pale. Ufundi alijifunzia humo humo, kwa mjomba wake, na benchi lile alilijenga mwenyewe ndani ya kuta zile, gogo zima la mvule. Bila banda angekuwa mtu mwenye nyundo tu, na mji ulikuwa umejaa watu wenye nyundo. Akamwambia mzee halitakaa kimya.

Mwezi wa kumi wakaja watu wa kodi. Kasimiri mbele, askari wawili, na Bwana Shauri mdogo, msaidizi wa mkuu wa boma, Mzungu kijana aliyeletwa juzi juzi, ngozi ya pua inabanduka kwa jua. Kiswahili chake alikuwa kakisoma kwenye chuo huko kwao, kizuri, kimenyooka, hakina hata kunjo. Utani hawakumfundisha.

Watu wakasogea. Kasimiri, kama kawaida ya mtani anapokuja na shari, akaanza na matusi ili shari ishuke vizuri.

"Mzaramo, toka. Leo nakuuza mnadani, sijui kama utafika bei ya mbuzi."

Na Nassibu, kama kawaida ya mtani, akajibu. Kama asingejibu, watu wangesema ana ugonjwa.

"Hela ninazo, mpagazi wewe. Mtungi mzima, nimeuzika chini ya benchi hili. Lakini kumpa Mnyamwezi? Afadhali niwape nyani wa Pugu, wao wana shukrani."

Watu wakaangua kicheko. Askari mmoja, mtu wa Kisarawe, akageuka pembeni akacheka ukutani. Kasimiri naye alikuwa anacheka, mdomo wazi, alipomwona Bwana Shauri hacheki.

"Mtu huyu amekiri ya kuwa anazo fedha," akasema Bwana Shauri. "Naye anakataa kuzitoa. Chimbeni."

"Bwana," akasema Kasimiri, "huyu ni mtani wangu."

"Ni nani wako?"

"Mtani, bwana. Sisi huwa tunaongopeana. Akisema ana hela maana yake hana."

Bwana Shauri alimtazama karani wake muda mrefu, kama mtu anayejiuliza amefanya naye kazi wiki ngapi na ameongopewa mara ngapi. "Chimbeni," akasema tena.

Wakachimba. Sakafu ya banda ilikuwa udongo ulioshindiliwa toka zama za mjomba, na askari waliufumua wote, chini ya benchi, kando ya benchi, mpaka shimo likawa la kuzikia ng'ombe. Wakapata patasi iliyopotea zamani, Nassibu akashukuru. Mtungi hawakuupata. Na kila walivyozidi kukosa, Bwana Shauri alizidi kuamini kwamba umefichwa vizuri.

Somoe alikuwa amesimama mlangoni. "Bwana mkubwa," akasema, "kungekuwa na mtungi wa hela humu, mie ningekuwa nimeshauchimbua zamani. Namjua mume wangu."

Hilo nalo watu walicheka, na halikusaidia.

Mwisho Kasimiri alieleza sana, jasho linamtoka, na Bwana Shauri akakubali nusu. Asiye na hela huilipa kodi kwa kazi, huo ulikuwa mwezi mmoja. Lakini aliyemdanganya mkubwa wa serikali mbele ya raia lazima afundishwe. Basi mwezi mmoja wa kodi, na mwezi mmoja wa mtungi.

"Kazi gani, bwana?" Nassibu akauliza.

Bwana Shauri akatupa macho bandani, akaona miguu ya madawati yaliyosimama njiani, imepangwa pembeni, mizuri, imepigwa randa.

"Wewe ni seremala," akasema.

*

Yadi ya serikali ilikuwa na ukuta mrefu na geti moja. Ndani kulikuwa na mabenchi, mbao za serikali, misumeno ya serikali isiyo na meno ya maana, na mafundi. Nassibu alimkuta Kondo, seremala wa Temeke, ambaye walikuwa wanagombania wateja miaka yote. Wakapeana mikono kama ndugu msibani.

"Na wewe?"

"Kodi. Na wewe?"

"Kodi na mtungi."

"Mtungi gani?"

"Acha tu. Tunatengeneza nini hapa?"

Kondo akamwonesha kwa kidevu. Madawati. Yale yale, kipimo kile kile, oda ile ile iliyofutwa mwezi wa sita. Nassibu akashika moja, akaligeuza, akaona alama ya penseli kwenye ubao, akajua kwamba hata karatasi ya vipimo ni ile aliyoichora yeye.

Msimamizi aliitwa Gaudens, Mhaya, mtu wa misheni, mwenye miwani na moyo mzuri. Hakupiga mtu. Saa ya chakula alikuwa anakaa nao kivulini na gazeti la serikali, anawasomea.

"Mwaka huu," akasoma siku moja, "matumizi ya samani za shule yamepungua kuliko mwaka wowote. Wakubwa wa hazina wamepongezwa."

"Na sie tumepongezwa?" akauliza Nassibu.

"Hapa haijaandikwa."

"Angalia nyuma ya ukurasa."

Kondo akapaliwa na muhogo. Nassibu akaendelea, lakini sasa hakuwa anatania sana.

"Bwana Gaudens, wewe umesoma. Hebu nieleze. Boma lingenunua kwangu madawati haya, mie ningelipa kodi yangu. Ningemlipa Mwinshehe pango, na yeye angelipa ya kwake. Kasimiri angenunua kitanda. Hela ingezunguka Keko yote halafu ingerudi bomani pale pale ilipotoka, imechoka kidogo tu. Sasa wameikalia. Mie niko hapa, Mwinshehe anahesabu nazi mbovu, Jovina hajaolewa. Nani amepata?"

Gaudens alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Unasema kana kwamba hela walikuwa nayo wakaificha," akasema. "Hawana, Nassibu. Ushuru wa mkonge ndo uliokuwa unakulipa wewe. Umekauka. Na serikali hii yenyewe inadaiwa huko London, na London wanataka chao. Wakinunua madawati yako kwa hela ya kukopa, nani atawakopesha? Wewe unaweza kutengeneza dawati bila mbao?"

Nassibu akafikiri. Alitafuta tundu la kupita katika maneno hayo kama anavyotafuta fundo kwenye ubao, na hakuliona.

"Siwezi," akasema.

"Basi."

"Lakini mie nimetengeneza bila hela."

Gaudens akakunja gazeti. "Filimbi imelia," akasema, na haikuwa imelia.

Alhamisi Somoe alikuwa anakuja getini na kikapu. Askari walimruhusu kwa sababu alikuwa anawaletea vitumbua. Alikuwa na malengelenge mkononi, Nassibu akayaona.

"Yametoka wapi hayo?"

"Bandani. Kila asubuhi naenda kupiga nyundo. Mzee alisema lisikae kimya."

"Unapiga nini?"

"Ubao. Nagonga msumari, nautoa, nagonga tena. Jana Mzee Mwinshehe kapita, kasimama, kaniuliza, mama, unatengeneza nini? Nikamwambia kabati."

"Kasema nini?"

"Kasema anaona linakwenda vizuri."

Nassibu alicheka mpaka akashika fito za geti. Alipomaliza kucheka hakuziachia. Askari akamwambia muda umekwisha.

Mwezi wa mtungi ulipokuwa unaisha, ghala la yadi lilijaa madawati hadi darini. Hapo ndipo Nassibu alipoelewa vizuri. Shule za serikali, za mjini na za bara, zilikuwa zimepata madawati yao, na ya ziada. Hata bei ya mkonge ingepanda kesho, hakuna mtu ambaye angehitaji dawati kwa miaka. Na yeye ndiye aliyeyatengeneza, kwa mkono wake, ulimi wa ubao ndani ya tundu, imara, ya kudumu. Kondo alikuwa anayalipua ya kwake ili yavunjike upesi. Nassibu alijaribu siku moja kulilegeza moja. Jioni akalirudia, akalikaza.

*

Alitoka wiki ya mwisho ya mwaka. Banda lilikuwepo. Shimo alilifukia. Kodi ya mwaka mpya ilikuwa inafunguliwa Januari.

"Hiyo niliyoifanyia kazi?" akamwuliza Kasimiri.

"Ilikuwa ya mwaka uliokwisha."

"Kwa hiyo natoka ili niingie."

"Usiniangalie hivyo. Mie wamenikata tena. Mwezi huu wamewapunguza makarani wawili, wanasema kodi haikusanyiki kwa hiyo hatuna kazi."

Walikaa juu ya benchi, miguu inaning'inia, kama wavulana. Mninga wa kitanda cha Kasimiri ulikuwa bado umeegemea ukuta. Kasimiri ndiye aliyefikiria njia.

"Sheria inasema mtu akiwa na mali, mali ikamatwe, isikamatwe nafsi. Mali inakwenda mnadani, hela inalipa kodi, mtu anabaki kwake."

"Mie mali sina."

"Una kitanda changu. Kimalize."

Nassibu alikimaliza kwa siku chache. Sijui kama Keko imewahi kuona kitanda kama kile. Miguu aliichonga kwa mkono, ubao wa kichwani aliuweka maua ya mkorosho, na hapakuwa na msumari hata mmoja. Mwinshehe alikuja kukitazama, akapitisha kiganja juu yake, akasema huyu mteja wako lazima ni mtu mkubwa. Nassibu akasema ndiyo, ni serikali, inakipeleka mnadani. Mzee akasema basi tungoje mnada.

Mnada ukafanyika uwanja wa boma, watu wengi kweli kweli. Walikuja wote. Wapagazi waliokosa mizigo, vibarua wa mashamba yaliyofungwa, maboi waliofukuzwa kwa sababu Wazungu wao wamerudi kwao, makarani wawili wenzake Kasimiri waliopunguzwa. Walikizunguka kitanda wakakisifu. Mnadi akaita bei. Kimya. Akaishusha. Kimya. Akaishusha tena mpaka ikawa aibu.

"Natoa jogoo," akasema mzee mmoja nyuma, bila mzaha wowote. Alikuwa naye mkononi.

Serikali haikupokea jogoo. Kitanda hakikununuliwa, kwa hiyo kodi haikulipwa, na kwa sababu kilikuwa kimeshakamatwa, hakikurudi Keko. Kasimiri alikuja jioni kumweleza Nassibu hayo, na alikuwa na jingine.

"Bwana Shauri kakikalia," akasema. "Halafu kajinyoosha, na viatu. Kasema hajaona kazi kama hii toka atoke kwao. Anakutaka yadini Jumatatu. Kambi ya askari haina vitanda, na hela ya kununulia imekatwa."

Somoe alikuwa anamenya mihogo mlangoni mwa banda. Akaweka kisu chini.

"Miezi mingapi?" akauliza.

"Mwezi wa kodi. Lakini vitanda ni vingi, shemeji. Wakiona hajamaliza, watamtafutia la kumbakiza."

 Nassibu alikuwa anamwangalia Mwinshehe anakuja kwa njia ya minazini, taratibu, na nyuma yake mkokoteni wa nazi. Mzee alifika, akakataa kiti. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, nimesikia ya mnada. Na mie wamenipa mpaka Ijumaa. Banda hili likiwa ghala langu, Mhindi mmoja wa mjini kasema atanikopesha kidogo kwa dhamana ya nazi. Nisipokuwa na ghala, watachukua nyumba." Akaegemea bakora. "Moyo wangu mzito."

"Najua, mzee."

"Vyombo vyako nitakutunzia."

"Vyombo nitachukua. Ila benchi liko ndani."

Wakaingia wote kulitazama. Benchi la mvule, refu, pana, limejaa makovu ya patasi. Walijaribu kulitoa, Nassibu na Kasimiri mbele, mvutaji mkokoteni na Somoe nyuma. Likagonga mlango. Wakalilaza ubavu, likagonga. Wakataka kubomoa ukuta, Mwinshehe akasema kwa upole kwamba ukuta ndo dhamana. Benchi lilijengwa ndani, na siku ile hakuna aliyefikiria litatoka.

"Liache humu," akasema Mwinshehe. "Nitapanga nazi juu yake."

"Hapana."

Nassibu akachukua msumeno wake mkubwa, akaujaribu meno kwa kidole. Akapiga mstari katikati ya benchi kwa penseli, akaupima mara mbili kutoka kila upande, kama ni kazi ya mteja.

"Shika ule upande, mpagazi," akamwambia Kasimiri. "Na ushike sawasawa. Nikikata upogo nitasema ni wewe."

"Mie karani wa serikali. Sishiki mbao."

"Leo ni kibarua wangu. Na mshahara nakukata kabla sijakupa, kama ulivyozoea."

Kasimiri akavua koti, akalikunja, akampa Somoe. Akaegemeza kifua chake chote juu ya mvule, kaptula ikajaa vumbi, na Nassibu akauvuta msumeno mara ya kwanza, polepole, ili upate njia. Nje mvutaji mkokoteni alikuwa ameanza kushusha nazi karibu na mlango, na Mwinshehe akamwambia angoje kwanza, fundi amalize.